Kitasa Kinachoomba Ruhusa

1

Atupele alivuta kitasa mara tatu kabla ya kukubali kwamba mlango haufunguki. Mara ya kwanza alidhani amevuta vibaya. Mara ya pili alivuta kwa nguvu. Mara ya tatu alivuta taratibu, kama anayembembeleza mnyama, na kitasa kikarudi mahali pake bila hata kutoa mlio.

Gari lilikuwa limejiegesha lenyewe kwenye eneo la kupumzikia, katikati ya mlima Kitonga, pua ikielekea juu. Lilikuwa limesema, kwa ile sauti yake ya kike ya upole, kwamba linapokea maboresho na litaendelea na safari baada ya dakika chache. Wakati huo ilikuwa saa saba na robo mchana. Sasa ilikuwa saa nane kasoro kumi, kiyoyozi kimezima, na jua limesimama juu ya paa la kioo.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa baba mkwe wake, Mzee Ambilikile Mwaisumo, jicho la kulia limefungwa bandeji. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Asajile, mume wa Atupele, alibanwa na kazi Mbeya, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumrudisha mzee Tukuyu. Katika ukoo wao, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, wala hawakai chumba kimoja. Wengi walishaiacha desturi hiyo. Mzee Ambilikile hakuiacha. Tangu alfajiri alikuwa amegeuzia uso dirishani, na alipohitaji kitu aliliambia gari.

"We gari," alisema, "mwambie mkwe nataka kushuka. Haja imenibana."

"Samahani," gari likajibu. "Sijaelewa ombi lako."

Atupele alitazama mbele. "Baba, mlango umegoma. Nivumilie kidogo."

Akatoa kishikwambi chake kwenye mkoba. Alikuwa mhandisi wa programu katika kampuni ya Mwendokazi, iliyoandika kila kitu kilichokuwa kinaendesha gari lile, na gari lenyewe lilikuwa la kampuni. Aliingiza ufunguo wake wa kazi na orodha ya huduma ikajitokeza, majina arobaini na moja, kila moja na nukta yake. Kijani maana yake huduma iko hai. Kijivu maana yake haijibu.

Nukta ya milango ilikuwa kijani. Nukta ya taa, kijani. Nukta ya honi, kijani. Nukta ya mahali ilikuwa kijivu. Chini yake kulikuwa na nyingine ya kijivu, na aliisoma mara mbili: kupoza betri.

Nyuma yake mzee alikuwa akivuta kitasa cha upande wake, tena na tena.

"We gari, muulize mkwe. Kitasa kimekatika waya?"

"Hakina waya, baba."

"Hakina?"

"Hakijaunganishwa na mlango. Kitasa kinaomba tu. Kinaiambia huduma ya milango: kuna mtu anataka kutoka. Huduma ya milango inauliza huduma ya mwendo, gari limesimama? Inauliza huduma ya mahali, hapa ni salama kushuka? Wote wakisema ndiyo, mlango unafunguka."

Mzee alilitafakari jambo hilo. Alikuwa ameendesha malori ya mafuta miaka thelathini na moja, Dar mpaka Tunduma mpaka Ndola, na mlango wa lori lake la mwisho ulifungwa kwa kamba ya katani.

"Kama ofisini," alisema hatimaye.

"Kama ofisini."

"Na mmoja asipokuwepo mezani kwake?"

"Unasubiri."

Hakumwambia kwamba kanuni hiyo aliiandika yeye. Miaka minne nyuma, kwenye majaribio, mtoto wa mwenzao aliporomoka kutoka kwenye gari lililokuwa linatembea, kwa sababu huduma ya mwendo ilichelewa kujibu na mlango ukachukulia ukimya kuwa ruhusa. Mtoto alipona. Wiki ile ile Atupele aliandika mstari mmoja: asiyejibu amekataa. Watu walimpigia makofi. Baadaye, ili kupunguza uzito, kampuni iliondoa pia ule waya wa dharura uliokuwa unavutwa chini ya kiti, na nyundo ndogo ya kuvunjia kioo. Gari likigongana, walisema, milango yote inajifungua yenyewe. Mtu atavunja kioo cha nini?

2

Kibwana alipokea simu mlio wa pili. Alikuwa zamu kwenye chumba cha uangalizi, Dar, na sauti yake ilikatikakatika.

"Nawaona," alisema. "Nyie mpo Kitonga. Toleo jipya limefika nusu, mtandao ukakata. Huduma ya zamani imeshazimwa, mpya haijakamilika. Magari sita yamekumbwa na kitu hicho hicho, lakini mengine yapo mijini, watu walishatoka kabla."

"Rudisha la zamani."

"Nimejaribu mara nne. Linakataa."

"Kibwana, kupoza betri nako kumezimwa. Gari lilikuwa linapanda mlima. Betri ina nyuzi joto sabini na mbili na inaongezeka."

Akasikia vidole vya Kibwana vikigonga kibodi.

"Nimemtuma fundi kutoka Iringa. Dakika hamsini."

"Hatuna dakika hamsini."

"Najua." Akashusha pumzi. "Una ufunguo wa kazi. Tangaza mgongano."

Atupele alikuwa ameshaliwaza hilo, na alikuwa ameliepuka. Tangazo la mgongano ndilo tangazo pekee ambalo huduma ya milango hutii bila kuuliza mtu. Mtu mwenye ufunguo angeweza kuliandika kwa mkono, herufi chache tu, na milango ingefunguka papo hapo. Lakini tangazo hilo halibaki ndani ya gari. Huduma ya ujirani hulichukua na kulirusha kwa kila chombo kilichopo ndani ya kilomita tatu, na kila chombo kikilipokea hukanyaga breki chenyewe, kwa nguvu zote, bila kumwomba dereva. Ndivyo lilivyoundwa, kwa sababu ajali haisubiri mtu afikiri.

"Kuna malori yanashuka," alisema.

"Zima huduma ya ujirani kwanza."

"Inataka saini mbili. Yangu na ya mkuu wa usalama."

"Mkuu yuko kwenye ndege." Kibwana alishusha sauti. "Atu, nisikilize. Nyie mko ndani ya gari letu. Hayo malori si yetu. Unanielewa? Bonyeza, utoke. Mengine tutayaongea baadaye."

Simu ikakatika, ama ilikata yenyewe ama Kibwana aliikata.

Mzee alikuwa amesikia yote, maana ndani ya gari hapakuwa na pa kwenda ili usisikie. Akachukua fimbo yake akaanza kupiga kioo cha dirisha. Alipiga mara kumi, mara kumi na tano. Kioo kilitoa sauti ya kiatu kikigonga sakafu ya mbao, na hakikupata hata mkwaruzo. Akajaribu kwa chupa ya chai. Chupa ikabonyea. Atupele akageuka kwenye kiti, akainua miguu na kukisukuma kioo cha mbele kwa visigino mpaka goti likaanza kumuuma. Vioo vile vilitengenezwa kuhimili jiwe linalorushwa na tairi la lori, na goti la mwanamke wa miaka thelathini na tano halikuwa kitu.

Aliporudisha miguu chini, alihisi sakafu. Ilikuwa ya moto kupitia soli za viatu.

3

"We gari," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kavu na ya haraka, sauti ya mtu wa kazini. "Muulize mkwe. Akibonyeza hicho kitu, lori linaloshuka litafunga breki zote? Za kichwa na za tela?"

"Zote, baba."

"Kwa ghafla?"

"Kwa ghafla."

"Kwenye kona ile ya juu?"

Atupele aliinua macho kuitazama kona.

"Nimeshaona tela likijikunja pale," mzee alisema. "Kichwa kinasimama, tela halisimami. Linakuja kwa ubavu, linafagia barabara nzima. Dereva mwenzetu, Mwakalobo, tulimtoa kwa vipande. Mlima huu hauendeshwi kwa breki, unaendeshwa kwa gia. Kila dereva anajua." Akakohoa. "Kila dereva wa zamani."

Harufu ilikuwa imeanza, harufu tamu kidogo, kama plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Betri ilikuwa nyuzi themanini na nne.

"Taa zinafanya kazi?" mzee aliuliza. Safari hii hakulitaja gari.

"Zinafanya."

"Basi mpigie anayeshuka taa kali. Mbili fupi, moja ndefu. Halafu unarudia. Enzi zetu ilikuwa na maana: mbele pabaya, shuka kwa gia ya chini. Sijui kama wa siku hizi wanaijua."

Ndipo Atupele alipoelewa mzee alichokuwa anakitaka. Lori linalotambaa mwendo wa mtu anayetembea likikanyagishwa breki ghafla halijikunji. Linasimama tu. Kama malori yote mlimani yangekuwa yanatambaa, tangazo la uongo lisingemuua mtu.

Akaiita huduma ya taa kwa kishikwambi. Mbili fupi, moja ndefu. Mbili fupi, moja ndefu.

Lori la kwanza lilipita bila kujali, kabini yake tupu, haina hata kiti cha dereva. La pili lilikuwa la saruji; lilipita pia. La tatu lilikuwa kuukuu, na nyuma ya kioo chake alionekana mwanamume mwenye kofia ya sufu. Aliziona taa. Alitoa kichwa dirishani, akawatazama, kisha honi ikalia mara mbili, na injini ikabadilisha mlio, ikanguruma kwa uzito huku lori likipunguza mwendo mpaka likawa linatambaa. Alipokuwa sambamba nao alikuwa ameweka redio ya mawasiliano mdomoni.

"Ameelewa!" mzee alipiga paja. "Ameelewa, na anawaambia walio nyuma. Huyo kafundishwa na mtu!"

Kwa kweli, juu kule, malori yaliyofuata yalianza kutambaa. Manne. Matano. Basi moja la abiria nalo likasimama kabisa pembeni, taa zake za tahadhari zinawaka. Atupele alihisi machozi yakimtoka, akaendelea kupiga taa, mbili fupi, moja ndefu, na vidole vyake viliteleza kwa jasho.

Moshi ulipoanza kutoka chini ya kiti cha nyuma ulikuwa mwembamba mweupe, kama mvuke wa chai. Kisha ukageuka kijivu. Betri ilifika nyuzi mia na kumi na tisa, na baada ya hapo kipimo hakikuonyesha kitu.

"Baba, hamia mbele. Hamia huku."

Mzee hakusogea. Mbele kulikuwa na viti viwili tu, bega kwa bega. "Niko salama hapa," alisema, akazidiwa na kikohozi.

Atupele alitazama juu. Kwenye kona ya juu lilikuwa linachomoza lori jingine, la mbao, la rangi ya bluu. Halikuwa linatambaa. Pazia la kabini lilikuwa limefungwa. Lori lilikuwa linajiendesha, na dereva wake bila shaka amelala kitandani nyuma ya kiti, redio imezimwa. Lilikuwa linashuka kwa mwendo ule ule wa kompyuta isiyojua hofu.

"Mwanangu," mzee alisema kati ya kikohozi na kikohozi. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ngoja lile lipite. Dakika mbili. Likishapita, bonyeza."

Atupele aliliona lori. Aliuona moshi. Kwenye kioo cha kati alimwona baba mkwe wake, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu aolewe: mzee mwembamba, mdomo wazi unatafuta hewa, kichwa kinaanza kulegea kuelekea dirishani.

"Baba?"

Mzee hakujibu.

Atupele akabonyeza.

4

Milango yote minne ilifunguka kwa pamoja, na hewa ikaingia kama maji. Alizunguka nyuma, akamshika baba mkwe wake chini ya makwapa, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa mawe, mbali na gari. Mzee alikohoa, akatapika, akavuta pumzi. Alikuwa hai. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa Atupele na hakuuachia.

Huko juu malori yaliyokuwa yanatambaa yalisimama kwa mlio mfupi, moja baada ya jingine. Hakuna kilichoyapata. Lakini kutoka kwenye kona ulisikika mlio mwingine, mrefu, wa matairi yaliyofungwa, ukifuatiwa na kishindo cha chuma kwenye mwamba, na baada ya hapo mbao zikawa zinaporomoka, nyingi, kwa muda mrefu kuliko mtu alivyotarajia.

Atupele alisimama akitazama gari lake. Moshi ulitoka kwenye milango iliyo wazi. Alikuwa anasubiri lilipuke, ili ajue kwamba hakuwa na njia nyingine. Lilichukua dakika nne na nusu kushika moto.

Simu ilitetema mfukoni. Kibwana.

"Mmetoka? Mungu mkubwa. Sikiliza sasa. Nimeiona kumbukumbu. Inasema vihisio vya gari viligundua mgongano. Haionyeshi ufunguo wa mtu, kwa sababu gari limeungua kabla ya kutuma sehemu hiyo. Ni hitilafu ya vihisio. Umenielewa? Hukufanya kitu. Wewe ni mwathirika kama wengine."

"Kuna lori limeanguka, Kibwana."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Alizima simu. Mzee Ambilikile alikuwa ameketi chini, bandeji imening'inia, anatazama upande wa kona kwa jicho moja.

"Nilikwambia ungoje," alisema taratibu.

"Ulikuwa umenyamaza, baba."

"Nilikuwa nabana pumzi. Moshi ukiwa mwingi unabana pumzi." Akainua mkono akaelekeza kwenye kona. "Nenda ukamwone mtu yule. Miguu yangu haitafika."

Atupele alipanda mlima kwa miguu, akipita pembeni ya malori yaliyosimama. Mwanamume wa kofia ya sufu alishashuka, na pamoja na madereva wengine walikuwa wanaondoa mbao kwa mikono, wakipokezana. Kichwa cha lori kilikuwa kimebanwa kati ya tela lake na mwamba. Walimtoa dereva kupitia dirishani na kumlaza juu ya lami. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa fulana na soksi tu. Mguu wake wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini, Atupele aliutazama mara moja hakuutazama tena.

Sajini wa trafiki, mwanamke mnene aliyefika kwa pikipiki kutoka kituo cha juu, alikuwa ameinama anamuuliza jina.

"Zakaria Mligo," dereva alisema. "Nilikuwa nimelala. Lori limefunga breki lenyewe. Kwa nini limefunga breki? Mbele kulikuwa na nini?"

"Wanasema kuna gari lilitoa taarifa ya ajali," sajini alisema. "Hitilafu. Haya magari yanadanganya siku hizi."

"Gari halikudanganya," Atupele alisema.

Walimgeukia. Alikuwa na masizi usoni na goti limevimba, na walidhani amechanganyikiwa.

"Mimi ndiye niliyeandika ile taarifa," alisema. "Kwa ufunguo wangu. Tulikuwa tumefungiwa ndani, mimi na baba mkwe wangu, na gari linataka kuungua. Nilijua mtafunga breki."

Sajini alinyooka polepole. Dereva wa kofia ya sufu aliweka chini ubao aliokuwa ameushika. Zakaria Mligo peke yake hakushtuka. Alikuwa anamtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi kwa mbali.

"Ulijua nipo?" aliuliza. "Mimi. Au ulijua tu kuna malori?"

Ingekuwa rahisi kusema malori.

"Nilikuona," Atupele alisema. "Nililiona lori la bluu, na pazia limefungwa. Niliambiwa ningoje upite. Sikungoja."

Mligo alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka. Atupele alipiga magoti pembeni yake, mdomo ukafunguka kusema neno alilokuwa amelibeba kichwani tangu chini ya mlima, lakini mwanamume yule aliinua kiganja kumzuia.

"Usiniombe msamaha saa hizi," alisema. "Utaniomba nikiwa nimesimama. Kama nitasimama."

"Sawa."

"Na uje mwenyewe. Usitume watu wa kampuni na karatasi."

"Nitakuja mwenyewe."

Sajini alitoa daftari, akalifungua, akasita. "Dada," alisema, "inabidi ubaki hapa."

"Siendi popote," Atupele alisema.

Jua lilikuwa linampiga Mligo usoni na alikuwa anajaribu kugeuza shingo kulikwepa. Atupele alivua mtandio wake, akaushika kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mwanamume yule, kivuli kikaangukia macho yake. Mikono ilianza kumuuma baada ya dakika chache. Aliendelea kuushikilia hivyo hivyo mpaka gari la wagonjwa lilipofika kutoka Ilula.